Hizo rangi nani kaweka?

Jamaa wa stesheneri alifungua picha yangu kwenye kompyuta, akaivuta ikawa kubwa, akaitazama, akaivuta tena. Nilikuwa nataka aniprintie kubwa ya kutundika ukutani. Ni ile picha ya HH 211, nyota changa inayotema gesi, iliyopigwa na darubini ya anga za juu ya Webb, ilitoka Septemba 2023, wengi wenu mmeshaiona: katikati kuna giza, halafu kutoka kwenye lile giza vinatoka vitu viwili kwa pande mbili, vyembamba, vina mafundo mafundo, na huko mwishoni vinatanuka vinakuwa pinde.

"Kaka, hii umeedit mwenyewe?"

Nikamwambia hapana, ni ya NASA na wenzao wa Ulaya.

"Sawa, ila hizi rangi nani kaweka? Maana huu wekundu ni wa kuwekwa, kamera haitoi hivi."

Huyu mtu kazi yake mabango ya harusi na kadi za send-off, anashinda kwenye Photoshop toka asubuhi, macho yake yanajua rangi iliyopakwa na rangi iliyokuja yenyewe. Nikaanza kumwelezea habari za infraredi, ule mwanga ambao macho hayauoni, akawa anaitikia "ee, ee" huku anapanga karatasi kwenye mashine, na nikaona kabisa hajaridhika. Nikalipa, nikabeba mzigo wangu nikaondoka.

Ila lile swali likanifuata nyumbani, na wiki zikapita bado linanisumbua.

Kwa sababu yuko sahihi. Ile picha haina hata doa moja la rangi ambalo jicho la mtu lingeliona hivyo. Na mimi ndiyo mtu ambaye miaka yote nimekuwa nawatumia watu hizi picha kwenye magrupu na maneno "tazama uumbaji".

Ungekuwepo pale ungeona giza

Wazo la kwanza lililonijia ni la kitoto: basi turudishe rangi za kweli. Tuseme una chombo, umesafiri hiyo miaka ya mwanga 1000 hivi mpaka kundi la nyota la Perseus, umesimama mbele ya HH 211 na macho yako mawili uliyopewa na Mungu. Unaona nini?

Wingu jeusi.

Yaani hakuna kitu. Kile kitoto cha nyota kimezama ndani ya vumbi na gesi kiasi kwamba mwanga wa kawaida hautoki. Kwa sasa uzito wake ni kama asilimia 8 tu ya uzito wa jua, na umri wake ni makumi machache ya maelfu ya miaka, ambayo kwa nyota ni mtoto hajatoka hata arobaini. Bado kinakula. Na kinavyokula ndivyo kinavyotema, ile mikondo miwili ya gesi, yaani jeti, ndiyo kinachotemwa.

Kwa hiyo "picha ya kweli" kwa maana aliyoitaka jamaa wa stesheneri ni karatasi nyeusi. Angeniprintia hiyo ningemwambia wino umeisha.

Infraredi inapita kwa sababu chembe za vumbi ni ndogo kuliko urefu wa wimbi lake. Ukifika maikroni 2 na kitu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), uwezo wa vumbi kuzuia mwanga unakuwa umeshuka mpaka karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanga wa macho. Hilo wengi tunalijua. Lililokuwa linanikera ni jingine: sawa, mwanga umepita, umefika kwenye kamera, kamera imehesabu. Sasa kutoka kwenye hesabu mpaka kwenye waridi na wekundu kuna mtu katikati amekaa na maamuzi yake. Huyo mtu namwamini kwa lipi?

Vijani vya Spitzer

Kuna kisa kimoja ambacho kingemfurahisha sana jamaa yangu.

Kabla ya Webb kulikuwa na darubini ya Spitzer, ilirushwa 2003. Kamera yake ya infraredi ilikuwa na mikanda minne: maikroni 3.6, 4.5, 5.8 na 8.0. Wanaotengeneza picha walizoea kuupa ule mkanda wa 4.5 rangi ya kijani. Hakuna sababu ya kiasili hapo, ni mpangilio tu, bluu kwa wimbi fupi, nyekundu kwa refu, kijani katikati. Basi walivyoanza kupiga picha ukanda wa Njia Nyeupe, galaksi yetu hii, wakaanza kuona vitu vya kijani, vimetanuka, havina umbo la kueleweka, vimekaa karibu na mahali nyota zinazaliwa. Vikawa vingi. Mwaka 2008 ikatoka orodha yenye zaidi ya vitu 300 vya namna hiyo na jina rasmi la kitaalamu lenye neno "kijani" ndani yake.

Hebu tafakari. Kundi zima la vitu vya angani limepewa jina kwa rangi ambayo mtu aliichagua kwenye kompyuta. Angechagua zambarau tungekuwa na orodha ya zambarau.

Hapo nilikaribia kabisa kukubali kwamba hizi picha ni mapambo.

Ila nikakwama kwenye jambo moja. Rangi ilikuwa ya kuchagua, sawa, lakini kwa nini vile vitu viwake zaidi kwenye 4.5 kuliko kwenye 3.6 na 5.8? Hilo hakuna mtu alilichagua. Kuna kitu pale kilikuwa kinatoa mwanga mwingi kwenye ule mkanda, na kwa miaka wakawa wanabishana ni nini: hidrojeni ya molekuli iliyopigwa ikapata moto, au kaboni monoksidi, au mwanga wa nyota umeakisiwa na vumbi tu. Spitzer ilikuwa na kioo cha sentimita 85, haikuweza kutenganisha.

Jibu likaja na hii hii HH 211. Timu ya Tom Ray wa Dublin ilichapisha kwenye jarida la Nature mwaka 2023 kwamba jeti imejaa molekuli za moto, na hiyo inaeleza vile vijani vilitoka wapi. Kwa hiyo kijani kilikuwa kimebeba swali la kweli miaka karibu ishirini kabla ya jibu lake kupatikana, pamoja na kwamba chenyewe kama rangi kilikuwa cha kubuni.

Hili lilinigeuza kidogo. Siyo kabisa, ila kidogo.

Filta mbili, toa moja

Data za Webb ziko kwenye hifadhi ya wazi, zikishamaliza muda wa waliozipiga mtu yeyote anashusha. Nikashusha. (Bando liliisha, nikanunua jingine, likaisha, nikaenda kuomba waifai kwa jirani, tuyaache hayo.)

Faili ukilifungua kwenye programu ya bure ya wanaastronomia halina rangi. Ni kijivu. Kila pikseli ni namba, basi. Faili moja kwa filta moja, yaani kichujio kinachopitisha kipande kimoja tu cha mawimbi. Na kwa kweli ni baya, limejaa madoa, nyota zina miiba ile sita mikubwa na miwili midogo, jeti unaiona kwa shida mpaka ucheze na mwangaza.

Kamera ya Webb iitwayo NIRCam ina filta nyembamba sana inayokaa kwenye maikroni 2.12, na ina nyingine pana zaidi jirani yake, 2.10. Hiyo 2.12 haikuwekwa kwa bahati. Ndipo molekuli ya hidrojeni inapotoa mstari wake maarufu. Na hii molekuli ina tabia ya pekee: ni atomu mbili zinazofanana kabisa, mizani imelala sawa, kwa hiyo ikiwa baridi haitoi mwanga wa maana. Ndiyo kitu kilicho kingi kuliko vyote ndani ya lile wingu, na imenyamaza. Mpaka igongwe. Ikigongwa na wimbi la mshtuko gesi inapanda mpaka nyuzi joto 2000 hivi, molekuli zinaanza kutikisika, na zikitulia zinatoa mwanga kwenye 2.12. Mwaka 1976 waliugundua mwanga huo kwenye wingu la Orion, na maelezo yaliyosimama mpaka leo ni kwamba kuna kitu kinaipiga ile gesi.

Sasa chukua picha ya 2.12, toa picha ya 2.10 uliyoipima vizuri ziendane.

Nyota zinafutika.

Zote. Zinabaki alama chafu chafu tu kwenye nafasi zake. Sababu ni kwamba nyota inawaka kwenye urefu wote wa mawimbi, kwa hiyo kilichomo kwenye filta moja kimo na kwenye nyingine, ukitoa unapata sifuri. Jeti inabaki, imesimama peke yake kwenye kijivu, kwa sababu yenyewe inawaka kwenye mistari yake tu na katikati ya mistari hakuna kitu.

Nilikaa naangalia muda. Hapo hakuna rangi, hakuna mbunifu, ni kutoa tu, hesabu ya darasa la pili. Na kile kitu bado kipo. Ukienda maikroni 4.6 utakuta kaboni monoksidi, ukienda 1.64 ndiyo mahali pa chuma kilichopoteza elektroni. Kwa hiyo anayepaka rangi, akiipa filta moja nyekundu na nyingine bluu, anachofanya ni kukuonyesha kwa mpigo mmoja nani anawaka wapi. Huwezi kutazama picha nyingi za kijivu kwa wakati mmoja. Macho yana njia tatu za rangi, anazitumia zote tatu.

Nadhani hili ndilo nililotakiwa kumwambia jamaa, badala ya hotuba yangu ya infraredi.

Ila waliotumia mwanga wa macho nao waliyaona ya kwao

Kuna mawazo kwamba mwanga wa macho una uaminifu fulani ambao infraredi haina. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo chini chini. Historia ya hivi vitu inayavunja.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 George Herbig akiwa California na Guillermo Haro akiwa Tonantzintla, Meksiko, kila mmoja kivyake, waliona vipande vidogo vya ukungu unaong'aa kwenye mawingu ya Orion. Ndiyo HH inatoka kwenye majina yao. Vilikuwa vinang'aa na ndani yake nyota haionekani. Herbig akalinganisha picha ya HH 2 ya 1947 na ya 1954, akakuta kuna vifundo viwili vipya ambavyo mwanzo havikuwepo. Hitimisho lililokuwa linavutia kuliko yote: tumeshuhudia nyota zikizaliwa, mbele ya kamera, ndani ya miaka saba.

Picha ilikuwa safi. Mwanga wa kweli, haujaguswa. Na ilikuwa inasema kitu ambacho hakipo.

Mwaka 1975 Richard Schwartz akaangalia namna ule mwanga ulivyogawanyika akaona unafanana na wa mabaki ya nyota zilizolipuka, yaani gesi iliyopigwa na mshtuko. Kwa hiyo kile kifundo ni mahali pa kugonga, anayegonga yuko pengine. Yuko wapi? Kwa HH 1 na HH 2 wakampata mtuhumiwa mwaka 1979, nyota iliyokaa kwenye mstari katikati ya hivyo viwili, karibu zaidi na HH 1. Mwaka 1981 Herbig, yule yule, na mwenzake Burton Jones wakapima mwendo na kukuta HH 1 na HH 2 zinakimbia kuelekea pande mbili tofauti, kwa zaidi ya kilomita 300 kwa sekunde. Kesi ikaonekana imekwisha.

Mwaka 1985 darubini za redio zikaonyesha chanzo kingine, kimefichwa kabisa na vumbi, kimekaa katikati hasa. Ile nyota iliyokuwa inashukiwa ilikuwa imesimama tu eneo la tukio.

Mimi hapa ndipo nilipoacha kuuliza kama rangi ni za kweli. Picha ya 1954 ilikuwa na ukweli wote wa macho na bado haikuweza kukwambia nani anafanya nini, mpaka walipopima mwendo na kuugawa mwanga.

Kasi na mgongano

Sasa nije kwenye kilichonifurahisha zaidi kwenye HH 211, ambacho kwenye picha huwezi kukiona hata uiprinti ukubwa wa ukuta.

Sehemu ya ndani ya jeti inakwenda kilomita 80 mpaka 100 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, Dar mpaka Arusha sekunde sita saba. Kwa kasi hiyo ungetegemea molekuli zinapogonga zivunjike vunjike, upate atomu moja moja na ayoni (atomu zilizopoteza elektroni), upate chuma kinawaka. Jeti za nyota zilizokua kidogo ndivyo zilivyo. Lakini hapa timu ilikuta atomu na ayoni karibu hakuna. Molekuli ziko nzima.

Inawezekanaje? Chukulia daladala mbili kwenye barabara moja, zote zinakwenda mia. Ya nyuma ikiongeza ikawa mia na tano, itaigusa ya mbele, bampa itakwaruzika, abiria watapiga kelele, safari inaendelea. Kasi ya barabarani ni kubwa, ila kilichogongana ni ile tano ya tofauti. Jeti nayo haitoki kwa kasi moja, inatoka kwa mapigo, pigo la nyuma lenye kasi kidogo linalifikia la mbele, ndiyo unapata yale mafundo mafundo. Kwa HH 211 tofauti kati ya pigo na pigo ni ndogo, mshtuko hauna nguvu ya kuvunja molekuli, una nguvu ya kuzitikisa tu ziwake.

Kwa hiyo ule wekundu niliouprinti, ukiuliza vizuri, unakwambia kuhusu tofauti ya kasi. Na bado unaniachia swali: nyota ikikua, kwa nini jeti yake inageuka kuwa ya atomu? Inakuwa na kasi zaidi kwa sababu nyota imekuwa nzito? Au kinachorushwa kinatoka mahali pengine, karibu zaidi na nyota? Wataalamu bado wanabishana hata juu ya jambo la msingi, kama jeti inarushwa na sumaku kutoka ukingoni kabisa karibu na nyota au kutoka sehemu pana ya ile diski ya gesi inayoizunguka nyota. Wote wanakubaliana kwamba lazima kitu kiondoke na mzunguko, la sivyo gesi ingebaki inazunguka tu isianguke ndani na jua kama letu lisingekuwepo. Mimi naegemea upande wa diski, kwa sababu jeti kadhaa zimepimwa zikaonekana zenyewe zinazunguka, ila sina ubavu wa kubishana na mtu hapo.

Serpens, kwa ufupi

Juni 2024 ilitoka picha nyingine ya Webb, ya wingu la Serpens, miaka ya mwanga 1300. Jeti nyingi kwenye picha moja, na karibu zote zimelala upande mmoja. Nilivyoiona mara ya kwanza nikajisemea huyu sasa ameedit kweli. Walihesabu jeti 20, zimelingana na mhimili wa lile wingu lenyewe ndani ya nyuzi 24 huku na huku, na uwezekano wa kutokea hivyo kwa bahati ni kama moja kwa elfu kumi. Maana yake zile nyota zilirithi mzunguko wa wingu mama. Nadharia ilikuwepo siku nyingi, ushahidi wa kuuona hivi wa watoto wengi pamoja haukuwepo. Na hapo rangi haina kazi yoyote, unaipima kwa rula.

Kitu ambacho picha haitanipa

Nisije nikaonekana nimeamini kila kitu. Kuna mambo picha ya HH 211 inaficha, na yananisumbua kuliko rangi. Mwangaza umenyooshwa, sehemu hafifu zimeinuliwa ili uzione pamoja na zile kali, kwa hiyo usipime kwa jicho wapi kuna gesi nyingi. Gesi ya baridi, ambayo ndiyo mzigo mkubwa, karibu haimo. Na nyota yenyewe, mwenye kufanya haya yote, haionekani hata kwa Webb kwenye haya mawimbi. Lile giza la katikati ndiyo yeye.

Halafu jeti inapinda. Kidogo sana, ila upande mmoja ukipinda na wa pili unapinda vile vile, kama kwenye kioo. Hiyo inawafanya wahisi kwamba katikati ziko nyota mbili zinazozungukana, na ile inayotema inayumba huku inatema. Hakuna aliyeziona mbili.

Nikakaa nikapiga hesabu. Kilomita 100 kwa sekunde, kwa mwaka ni kilomita bilioni 3 na kidogo, mara 21 ya umbali wetu na jua. Kwa umbali wa HH 211 na kwa kuwa jeti imelala karibu ubavu kwetu, hilo ni kama pikseli moja ya NIRCam kwenye mawimbi marefu. Pikseli moja kwa mwaka! Darubini ya Hubble ilishafanya hivi kwa HH 34 na HH 47 na wenzao, Patrick Hartigan na timu yake wakaunganisha picha za miaka 14 wakapata vipande vya video, mafundo yanatembea kabisa na mengine yanafikiana. Kwa hiyo Webb ikirudi pale baada ya miaka mitano, mafundo yatakuwa yamesogea pikseli tano, na ule mpindo utaonekana kama unasafiri na gesi au unabadilika pale pale unapotokea. Hapo ndipo habari ya mapacha itapata namba. Kwa sasa ni mpindo tu kwenye faili la kijivu, na watu wanaobishana juu yake.